Nani Aliwaambia Waache Wazi

Jumatano, 4 Novemba

Nimetoka kazini, kwenye makao ya wazee, saa tisa na nusu. Dawa za asubuhi na za mchana nimegawa bila kosa, ingawa akili haikuwepo. Mzee wa chumba cha nne aliniuliza kwa nini macho yangu ni mekundu. Nikamwambia ni baridi.

Tumeshindwa. Niandike mara moja nimalize. Swali la pili limeanguka. Haki ya kumiliki na kubeba silaha haitaingia kwenye katiba ya jimbo letu la Minnesota. Miezi minane ya kubisha milango, kukalia makochi ya watu, kunywa chai ambayo sikuitaka, kuongea mpaka sauti ikakauka. Imeisha hivyo tu.

Baada ya kazi nikaenda kung'oa mabango yetu mtaa wa Frogtown, pande zote mbili za University Avenue. Ardhi imeanza kuganda na vile vyuma having'oki. Kwamboka aliahidi kuja kunisaidia. Hakuja. Ametuma ujumbe kwamba ameitwa kazini ghafla. Sawa. Miaka kumi na saba tunajuana, tuliishi chumba kimoja tulipofika Amerika, tunafundisha darasa la shabaha pamoja, na leo ndiyo siku ya kuitwa kazini ghafla.

Nimepita kichwani nikihesabu wote walioniambia "tuko pamoja". Kama kila "tuko pamoja" ingekuwa kura, tungeshinda hata jimbo la jirani.

Alhamisi, 5 Novemba

Kundi la WhatsApp la kina mama wa kanisa limenyamaza. Wanawake ambao kila asubuhi hutuma maua, malaika na zaburi. Leo aya moja tu, kuhusu subira. Hakuna aliyeniambia pole. Hata mtu akifiwa na paka hapa anaambiwa pole.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kuna kitu wanakijua.

Ijumaa, 6 Novemba

Mkutano wa tathmini kwenye ofisi ya muungano ulioendesha kampeni yetu, Golden Valley. Mimi Mwafrika peke yangu mezani, kama kawaida. Dale, mratibu wa jimbo, ni mtu niliyemheshimu. Yeye ndiye aliyetutafutia vikinga masikio vya darasa na ndiye aliyesema kina mama wafundishwe kwa Kiswahili. Leo hakunitazama usoni.

Ametundika ramani. Akaeleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa majibu ya vipimo. Vituo ambavyo Wakenya wengi wanapigia kura vina shimo. Watu walimchagua gavana, wakachagua hakimu, wakafika swali la pili, wakaliruka. Si mmoja wawili. Wengi.

Kisha akasema jambo ambalo wenzangu wote mezani walikuwa wanalijua. Hapa Minnesota, swali la katiba likiachwa wazi linahesabiwa kuwa hapana.

Sikujua. Ninaandika hapa kwa kuwa hakuna mwingine atakayesoma: sikujua. Kule nyumbani Kenya karatasi isiyo na alama inawekwa kando, haimsaidii mtu wala haimuumizi. Mafunzo ya kampeni yalifanyika Jumamosi niliyomshikia mwenzangu zamu. Kwamboka akaenda badala yangu, akarudi na faili. Faili aliniachia baadaye, limo kabatini, sijalifungua. Mezani nilitikisa kichwa kama mtu anayejua.

Dale anasema watu hawaruki swali moja kwa pamoja kwa bahati. Kuna mtu aliwaambia waache wazi. Mtu anayeijua sheria, na anayesikilizwa na watu wetu. Amenitaka nimtafute. Wanaanza kampeni mpya ya bungeni mwezi wa kwanza na hawataki kubeba nyoka ndani ya mkoba. Akanitazama aliposema hivyo, mara ya kwanza siku nzima. Ananishuku mimi?

Nitampata huyo mtu. Naapa nitampata.

Jumamosi, 7 Novemba

Darasa, kwenye chumba cha nyuma cha saluni pale Frogtown. Walijiandikisha kumi na mmoja. Wamekuja wanne.

Kwamboka alifundisha sehemu yake kama kawaida. Hafanyi haraka. Anafungua bastola, anatazama ndani, anaingiza kidole kuhakikisha, anatazama tena. Wanafunzi wanamcheka kwamba anaitafuta risasi kama anayetafuta chawa. Leo sikucheka.

Mwishoni nikawauliza, kwa sauti ya kawaida, kwa nini watu wetu waliacha swali la pili wazi. Wanne wote wakatazama meza. Moraa, mdogo kuliko wote, akasema polepole, "Tulifanya vile tuliambiwa, auntie." Nikamuuliza na nani. Akamtazama Kwamboka. Ilikuwa kufumba na kufumbua, lakini niliona. Kwamboka akasema muda umekwisha, mwenye saluni anataka chumba.



Jumapili, 8 Novemba

Kanisani. Mchungaji ameombea amani mara tatu katika ombi moja. Amani ya nini, kama hakuna vita? Nimemvizia mlangoni baada ya ibada. Nilimuuliza waziwazi kama ni yeye. Akaapa hakuligusa jambo hilo, hata nyumbani kwake. Akanishika bega. Akasema niwaulize kina mama.

Niwaulize kina mama. Ina maana anajua ni kina mama. Ina maana kanisa zima linajua isipokuwa mimi.

Nilibaki kwenye gari nikitazama watu wanavyotoka. Mama Osoro alisimama na Kwamboka kwenye baridi, wakaongea, Kwamboka akamfunga skafu vizuri shingoni. Mama Osoro alimpoteza mwanawe miaka miwili iliyopita. Kijana alipigwa risasi nje ya ukumbi wa sherehe, risasi iliyomlenga mtu mwingine. Nilikaa naye siku zote za matanga, nikalala sakafuni kwake. Leo walipoliona gari langu walipunga mkono, wote wawili, kwa pamoja. Kwa nini kwa pamoja?

Jumanne, 10 Novemba

Lisa amekuja kutoka chuoni kufua nguo. Nikamuuliza binti yangu wa kumzaa kama na yeye aliacha wazi. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida, kwamba kanisa moja haliwezi kuangusha jimbo zima. Nikamwambia hilo silo nililouliza. Akaweka kapu la nguo chini. Akasema hakuacha wazi. Alipiga hapana.

Nilikaa chini.

Nimebeba bastola kwa sababu yake. Alikuwa na miaka tisa, kiti cha nyuma, wale vijana walipotupokonya gari kwa bastola kwenye maegesho ya duka. Nilimvuta nje kwa kumshika mguu mmoja huku gari limeshaanza kuondoka. Hakuna aliyenisaidia. Polisi wa kuandika ripoti walikuja tumeshatetemeka mpaka tukachoka. Siku ile nilisema kamwe haitatokea tena. Nikaenda darasani, nikachukua kibali, nikaona mwanamke anaweza kulala usingizi. Ndiyo maana nikawafundisha wengine.

Nilimkumbusha hayo. Akasema na yeye alikuwa kwenye gari lile, na kitu anachokumbuka ni ile bastola.

Nimeumia. Lakini angalau ameniambia usoni. Nguo zake nimezikunja mwenyewe, akaondoka nazo bila kugombana tena.

Jumatano, 11 Novemba

Nimelifungua faili.

Karatasi za mafunzo, ramani, orodha ya milango. Ukurasa wa tatu, pembeni, kwa wino wa kijani, mwandiko wa Kwamboka: "Ikiachwa wazi ni HAPANA. Mwambie Gesare." Amepiga mstari mara mbili.

Hakuniambia. Tumezunguka pamoja miezi minane, kwenye gari langu, viazi karai vyake vya kukaanga vinanukia hadi leo kwenye viti, na hakuniambia. Alijua. Mimi sikujua. Moraa alimtazama. Mama Osoro alipunga mkono pamoja naye. Siku ya mabango hakuja.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mama alikuwa akiisema hii nami nikidhani ni habari za chawa.

Alhamisi, 12 Novemba

Nimefikiria kumpigia. Nikaacha. Akijua kwamba najua, atapata muda wa kutunga.

Kazini nimekosea. Nilisimama mbele ya chumba kisicho na mtu nikiwa na dawa mkononi. Mwenzangu akaniuliza kama niko sawa. Nikamuuliza kwa nini anauliza. Akarudi nyuma hatua moja.

Jumamosi, 14 Novemba

Nimesema.

Wanafunzi sita leo. Nilingoja Kwamboka amalize sehemu yake. Nikaliweka faili mezani, nikalifungua ukurasa wa tatu, nikamwomba asome kwa sauti. Akasoma. Hata "Mwambie Gesare" alisoma. Nikasema mbele ya wote: huyu alijua sheria, akaficha, akapita nyumba kwa nyumba nyuma yangu akiwaambia waache wazi. Nikamwita msaliti. Neno hilo nimelitumia. Nilisema pia kwamba angekuwa na haya angeng'oa mabango kwa meno yake. Hilo la mwisho ningeweza kuliacha.

Nilitaka akatae. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukataa. Hakukataa. Aliwatazama wanafunzi, wakainamisha vichwa. Akanitazama mimi muda mrefu, kama anangoja nimalizie sentensi. Kisha akachukua bastola za mazoezi, moja moja, akafungua, akatazama ndani, akaingiza kidole, akatazama tena. Zote nne. Akazipanga. Akaweka ufunguo wa chumba juu ya faili, akavaa koti, akatoka.

Asiye na hatia angepiga kelele. Mimi ningepiga kelele mpaka saluni isimame.

Moraa alikuwa analia. Nikawaambia darasa limekwisha.

Jumapili, 15 Novemba

Asubuhi kabla ya ibada nimemwandikia Dale. Jina kamili la Kwamboka, na picha ya ukurasa. Amejibu kabla chai haijapoa. Ameshukuru sana, amesema alijua anaweza kunitegemea.

Nilisikia wepesi, kama kuvua kiatu kinachobana. Ulidumu mpaka kanisani. Benchi langu lilikuwa na nafasi kulia na kushoto. Kwamboka hakuja. Hakuna aliyeninunia. Walinisalimia wote, kwa mikono miwili, vizuri mno, jinsi watu wanavyomsalimia aliyefiwa. Wananificha nini tena, na nimeshampata mtu wangu?

Sijala. Ugali umekaa kwenye sufuria hadi umekuwa ubao.

Jumanne, 17 Novemba

Theluji ya kwanza ya maana. Dakika ishirini nikikwangua kioo cha gari.

Mama Osoro amenipigia. Anataka niende kwake kesho nikanywe chai. Nikamuuliza kuna nini. Akasema chai. Nikamuuliza nani mwingine atakuwepo. Akasema, "Ni mimi na wewe tu, Mama Lisa, usiogope." Kwa nini niogope? Anataka kunihubiria kuhusu Kwamboka, hilo liko wazi. Wamekwishapanga. Nitaenda, nitakunywa, nitaondoka.

Jumatano, 18 Novemba

Nilienda.

Chai ya tangawizi, mandazi. Picha ya kijana wake juu ya televisheni na ua la plastiki. Nilikaa mkao wa mtu anayeondoka. Hakuhubiri. Alinimiminia, akajimiminia, akauliza kama nakumbuka ile ibada ya kina mama iliyokuwa hapa kwake mwezi wa nane, siku ya joto kali, feni mbili. Nikasema nakumbuka. Nilikuja kuwaeleza swali la pili.

Akauliza kama nakumbuka alichosema yeye siku hiyo. Hapo sikukumbuka vizuri. Akanikumbusha. Alikuwa ameweka kikombe chini, akaniambia mbele ya wenzake kwamba hawezi kuweka alama kwenye ndiyo, mkono wake utakataa. Wala hawezi kuweka kwenye hapana, kwa sababu ni mimi, niliyelala sakafuni kwake.

Nikaanza kuiona siku yenyewe. Feni. Jasho. Kwamboka kando yangu na mkoba magotini.

"Ukanishika mkono," Mama Osoro akasema. "Ukasema, usijisumbue, dada, acha wazi. Kura ya wazi haiumizi mtu. Ni wewe, Mama Lisa. Wote tulikusikia."

Alisema bila ukali. Alisema kina mama walifurahi. Walikuwa na mzigo, hawakutaka kunivunja moyo na hawakutaka silaha kwenye katiba, na mimi mwenyewe nikawapa njia. Wakaambiana. Waliokuwepo wakawaambia wasiokuwepo, wao wakawaambia waume zao. Mama Lisa amesema ni sawa kuacha wazi. Kila nilipopita baada ya hapo na vipeperushi vyangu, wakaniambia tuko pamoja, na walimaanisha.

Nilikumbuka mkono wake. Ulikuwa wa baridi siku ya joto. Nilitaka tu aache kutetemeka. Nilisema jambo la wema, nikalisahau kabla ya kufika kwenye gari.

Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia wiki zote hizi. Akasema walidhani najua. Walidhani naona aibu, nao wakanistahi. Lakini nilipomfukuza Kwamboka hakuweza kulala.

Nimeendesha gari mpaka nyumbani bila kukumbuka barabara. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimeingia mpaka shingoni.

Alhamisi, 19 Novemba

Sikwenda kazini. Nimesema naumwa. Si uongo.

Msaliti, nilimwita. Mbele ya watu sita.

Ijumaa, 20 Novemba

Golden Valley. Nilikwenda bila kumpigia Dale, asije akajiandaa. Nikamweleza yote, kuanzia feni hadi chai. Kiingereza changu kilikuwa kinakwama, nikaendelea hivyo hivyo.

Alinisikiliza. Kisha akafunga mlango. Akasema ameshawaeleza wakuu wake, na wameridhika. Tatizo lilikuwa mtu mmoja, mtu huyo hayupo tena, mambo yametulia. Hakuna haja ya kulifungua upya. Mimi nibaki, darasa libaki, tuingie kampeni ya bungeni na mikono safi.

Nilimtazama. Nikajiuliza kama alitaka ukweli tangu mwanzo au alitaka jina tu. Labda jina lolote la kwetu lingetosha. Sitajua. Amekuwa mwema kwangu, na leo alikuwa akinitendea wema kwa kutumia jina la mtu mwingine. Nikakasirika, na zaidi nikajikasirikia mimi niliyempa.

Nikaomba karatasi. Nikaandika hapo hapo mezani kwake: ni mimi niliyewaambia waache wazi, kwa kutojua, baada ya kukosa mafunzo na kutosoma faili. Kwamboka hakumwambia mtu yeyote chochote. Nikatia sahihi. Nikamwambia akikaa nayo yeye, wakuu wake nitawaandikia mwenyewe. Akashusha pumzi. Akasema basi itabidi darasa lisimame kwa muda, mpaka waamue. Nikasema nimeelewa.

Bado naamini nilichokipigania. Hata nikililia yale mengine, hili sijalibadilisha. Mwanamke peke yake kwenye maegesho ana haki ya kurudi nyumbani. Ila nilitaka sana kushinda mpaka nikawaona watu wangu kama mashahidi wa kesi.

Jumamosi, 21 Novemba

Niliwaita wote kwenye chumba cha nyuma. Walikuja wengi kuliko siku zote za darasa. Nilisimama nikawaambia: ni mimi. Nilimkosea Kwamboka na niliwakosea nyinyi.

Hakuna aliyeshtuka. Walijua. Wote, kila mmoja, tangu mwanzo. Walikaa humu Jumamosi mbili nikiwahoji, wakainamisha vichwa wakinisubiri nikumbuke. Moraa amesema siku ile ya kwanza alidhani nawapima. Alimtazama Kwamboka ili Kwamboka amwokoe.

Nimeona aibu ambayo sina kipimo chake. Heshima ya watu wetu ni nzuri, lakini leo ningefurahi kama mmoja wao angekuwa mjeuri.

Wakati wa kutoka mama mmoja amenipa vibuyu viwili vya mursik, maziwa ya kuganda, alivyotumiwa na shemeji yake. Nimevipokea.

Jumapili, 22 Novemba

Baada ya ibada nimekwenda kwa Kwamboka. Kwenye ngazi nilirudi chini mara mbili.

Alifungua. Alikuwa anasuka nywele zake mwenyewe, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Akasema, "Karibu, Mama Lisa." Miaka kumi na saba ameniita Gesare. Niliingia na hilo jina likinichoma.

Nilimwambia niliyotakiwa kumwambia. Nilipiga magoti, akaniambia niinuke, sakafu ina baridi. Nikamweleza kuhusu barua ya Golden Valley na kuhusu wale kina mama jana. Akaendelea kusuka. Nikamuuliza kwa nini hakujitetea.

"Ningesema nini?" akasema. "Kwamba ni wewe? Mbele ya wanafunzi wako? Ungeniamini?"

Nisingemwamini. Nilimwambia hivyo.

Kisha nikamuuliza kuhusu siku ile ya feni. Alikuwa amekaa kando yangu na faili kwenye mkoba. Alinisikia nikisema vile. Alijua maana yake. Mkono wake ukasimama kwenye nywele.

"Nilifungua mdomo nikurekebishe," akasema. "Nikamwangalia Mama Osoro. Nikashindwa."

Na baadaye, kwenye gari? Na wiki iliyofuata, na mwezi wote? Maswali yalinijia mdomoni kwa foleni. Niliyazuia. Sijui niliyazuiaje. Nikaomba tu msamaha tena.

Akasema, "Nimesikia."

Hakusema amenisamehe. Hakunipa chai. Hata adui akiingia nyumba ya Mkisii hupewa angalau maji. Nilisimama kidogo nikingoja, kisha nikafungua mlango mwenyewe. Nimelia kwenye gari, kwa sauti.

Jumatatu, 23 Novemba

Kazi. Dawa. Mzee wa chumba cha nne ana homa.

Simu haikulia.

Alhamisi, 26 Novemba

Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani. Nimepata siku ya mapumziko. Lisa yuko nyumbani tangu jana. Bata mzinga hatumpendi, tumepika kuku wa kienyeji kutoka kwa wafugaji Wahmong, wale Waasia wa Frogtown. Amechemka kwa muda wa saa tatu na bado alikuwa na msimamo. Lisa amekata kitunguu bila kulalamika. Hatukuongea habari za kura.

Saa nane mchana kengele ikalia. Kwamboka, na sufuria ya mboga imefungwa kwa taulo. Alivua viatu vya theluji mlangoni, akavipanga pale anapovipanga siku zote. Akamuuliza Lisa kuhusu mitihani. Akaonja mchuzi wangu, akaongeza chumvi bila kuomba ruhusa. Nilibaki nimeshika mwiko kama mgeni jikoni kwangu.

Tumekula. Tumecheka mara moja, kuhusu kuku. Lisa amelala kwenye kochi baadaye, miguu juu.

Tukaosha vyombo, mimi kwenye sinki, yeye na kitambaa. Kulikuwa na utulivu mzuri. Ndani ya utulivu ule swali likanijia tena, kama linavyonijia kila siku tangu Jumapili. Alikuwa na miezi mitatu ya kuniambia. Alishindwa kwa huruma tu? Au hakutaka? Na alipofika kwenye swali la pili yeye mwenyewe, na kalamu mkononi, akijua kila kitu, alifanya nini?

Nadhani niliacha kusugua. Aliongea bila kunigeukia.

"Una swali, Gesare."

"Sina," nikasema.

Nikampa sahani. Akaifuta mbele na nyuma, akaiweka kabatini, akanyoosha mkono kupokea nyingine.